Shahada ya Kalina na Uyoga wa Mama Yake

Mke wangu Bogna ni mkarimu kupita kiasi. Atakuvulia koti lake kwenye theluji, atakuachia kitanda chake alale sakafuni. Lakini muulize uyoga wake anauokota wapi, atakutazama kwa macho makavu na kukuelekeza upande usio wake. Tangu tuoane, kila vuli ananiacha kwenye gari na redio. Mahali pale alionyeshwa na marehemu baba yake, naye akamwonyesha binti yetu Kalina. Mimi ni mkwe tu. Huku kwetu Bory, kwenye misitu ya misonobari, hakuna anayeona ajabu, maana kila nyumba ina mahali pake na kila nyumba hudanganya. Nanung'unika peke yangu.

Kalina alipomaliza mwaka wa kwanza wa kemia chuoni, mjini Toruń, alirudi na jambo jipya. Chuo chake humruhusu mwanafunzi kujitungia shahada yake mwenyewe, akachota masomo idara hii na ile, mradi apate profesa wa kumsimamia. Yeye alitaka biolojia ya kuvu, kemia ya udongo na hisabati, vyote sufuria moja, ili ajue kwa nini uyoga huota mahali fulani na pembeni yake kidogo tu usiote.

"Na hiyo shahada ina wanafunzi wangapi?" nikamuuliza.

"Mimi peke yangu, baba."

"Hongera, utakuwa wa kwanza darasani."

"Na wa mwisho pia. Usije ukajisifu mapema."

Tulicheka, ila shida ilikuwa ya kweli. Mwalimu wa hisabati alimwambia huo ni mseto, si mpango. Yule wa biolojia akasema mshika mawili moja humponyoka, sembuse matatu. Akabaki Profesa Tarnas, mwanamke wa idara ya udongo, mrefu na asiye na maneno mengi. Huyo alisema, "Nipeleke hapo mahali mama yako anapookota uyoga. Nikiona kuna swali la kuchimbua, nitatia sahihi. Nisipoona, Jumatatu rudi kwenye kemia na wenzako." Kalina aliichukia kemia peke yake kama mtoto anavyochukia uji usio na sukari.

Akamwomba mama yake. Bogna akakubali papo hapo. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini nilikuwa nimeambiwa nitabeba sepetu, nami furaha ilinipofusha.

Jumamosi asubuhi Profesa akaja na mabuti ya mpira na kikapu. Bogna alikitupia kile kikapu jicho baya sana. Tukaingia msituni, tukapinda, tukapinda tena, mpaka tukafika kwenye uwazi wenye misonobari michache iliyodumaa.

"Ni hapa," akasema Bogna.

Profesa akapiga magoti, akachimba, akanusa, akachimba pengine. Mchanga mtupu. Hata mizizi ilikuwa mikavu.

"Bi Bogna, hapa mliokota uyoga?"

"Vikapu na vikapu."

"Lini?"

"Eee... zamani."

Nikamtazama Kalina. Uso ulikuwa umemwiva. Yeye alipajua pa kweli tangu utotoni, na alijua kabisa mama yake amefanya nini. Neno moja tu lingemwokoa. Nikangoja alitamke, na kusema kweli nilitamani alitamke.

"Nisamehe, Profesa," akasema. "Kosa ni langu. Nilikuwa mdogo, nikapakuza mno mahali hapa kichwani. Nitarudi kemia."

Profesa akakung'uta magoti. "Pole, binti. Wazo lenyewe halikuwa baya."

Tukaanza kurudi. Nilimwonea mwanangu uchungu, na mke wangu nikamkasirikia kama sijawahi. Kumbe naye alikuwa anapigana na nafsi yake huko nyuma. Mara tukamsikia:

"Simameni! Simameni hapo hapo, jamani!"

Alikuwa analia, na huku amekunja ngumi.

"Kosa si la mtoto. Mimi ndiye niliyewazungusha. Mdomo ulisema ndiyo, miguu ikakataa. Nifuateni. Na wewe Zenon, funga mdomo."

"Sijasema kitu!"

"Nimeuona unavyotaka kufunguka."

Akatupitisha kwenye kinamasi, akainama chini ya matawi, tukatokea kwenye mteremko wenye kivuli. Mama yangu! Uyoga wa kahawia, mnene, umejipanga kandokando ya mizizi ya misonobari mizee. Profesa hakuokota hata mmoja. Alikiweka kikapu chini, akachimba taratibu, akainua bonge la udongo mweusi lenye nyuzi nyeupe zilizojisokota kwenye mizizi. Akampa Kalina. Wakaanza kuongea wao wawili, habari za maji, chumvi, umri wa miti, namna ya kuhesabu kitu kisichoonekana, na mimi nikapotea kwenye sentensi ya pili.

Bogna alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo.

"Kalina. Mwaka aliofariki babu yako haukuota hata mmoja hapa. Hata mmoja. Mvua ilinyesha, jua liliwaka, nilikuja nikatoka mikono mitupu. Mimi nikasema msitu unamlilia. Ilikuwa ni nini?"

Kalina akafikiri, akatikisa kichwa.

"Sijui, mama."

Bogna akamgeukia Profesa.

"Wewe je?"

"Sijui. Nijuacho mimi ni udongo tu. Wa kuvu hajui miti, wa hesabu hajawahi kuja msituni. Hakuna idara moja chuoni itakayokujibu." Akatoa kalamu, akaegemeza karatasi ya maombi ya Kalina kwenye shina la msonobari, akatia sahihi. "Swali hilo liandike juu kabisa, binti, hata kabla ya jina lako."

Mama mtu akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa. Akachuchumaa, akang'oa uyoga mmoja mkubwa kwa uangalifu, pamoja na udongo wake, akauweka kwenye viganja vya mwanawe.

"Basi nenda shule," akasema. "Ukanitafutie."