Vidole Viwili vya Kupumulia

Vipimo vya Fauzia vilikataliwa Dar es Salaam, na aliyevichukua ni shangazi yake, Bi Naima, fundi cherehani wa Kilwa Kivinje ambaye hajawahi kurudishiwa hata gauni la mtoto.

Fauzia aliingia barazani na simu mkononi, akaamkia kwa sauti ndogo, kisha akaeleza. Kwenye ile kampuni inayotafuta wanamitindo kuna dada anaitwa Lightness. Ameziangalia picha akazipenda, ameviangalia vipimo akaona ni vya mtu mwingine. Picha ni za msichana mwembamba, namba ni za mama mwenye wajukuu. Arekebishe kabla ya adhuhuri, la sivyo anaachwa.

Bi Naima alimaliza kwanza pindo lililokuwa kwenye mashine. Hakuwa mtu wa kukasirika upesi, ila hilo lilimchoma.

"Huyo Lightness ameshawahi kushona?"

"Sijui, shangazi."

"Basi asinifundishe futi."

Hata hivyo alimsimamisha Fauzia, akamfunga kanga kama alivyofanya juzi, akazungusha futi nyongani, akapenyeza vidole viwili kati ya futi na mwili. Namba ikawa ileile. Akarudia, ileile. Akaridhika. Fauzia akaanza kung'ata kucha.

"Shangazi, hivyo vidole ni vya nini?"

"Vya kupumulia. Unataka gauni likubane, upite sokoni watu wakuhesabu mbavu?" Kisha akauliza wenyewe wanataka kumshonea nini, gauni au suruali.

Fauzia akamwambia hawashoni. Nguo zimeshashonwa, zimetundikwa. Wanatafuta mtu wa kuzivaa.

Bi Naima aliishusha futi. Maisha yake yote mtu alitangulia, nguo ikamfuata. Kumbe huko nguo ndiyo iliyotangulia. Basi vidole vyake na unene wa kanga vilikuwa vimempa mtoto nyonga ambazo Mungu hakumpa.

"Mbona hukusema?"

"Uliniambia nisimame wima ninyamaze."

Hilo lilikuwa kweli. Bi Naima alimwingiza ndani, akafunga mlango, akamwambia abaki na fulana nyepesi na taiti. Safari hii futi ililala juu ya mwili, haikubana wala haikulegea. Kiuno alikitafuta kwa kumwambia Fauzia ajipinde upande, akapima pale palipojikunja. Nyonga alizipima penye kujaa zaidi, miguu ikiwa pamoja. Lakini vidole vilishazoea, vilijipenyeza vyenyewe, na kila vilipoingia Fauzia alicheka. "Shangazi, vidole." Bi Naima naye akacheka, akaanza upya.

Ukabaki urefu. Juzi alikuwa amepima kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu, kama anavyopima dera, na kichwa akakikadiria. Sasa alimsimamisha peku kwenye fremu ya mlango, visigino vimegusa mbao, akamwekea ubao bapa kichwani, akachora alama kwa chaki. Urefu ukapungua kidogo kuliko ule wa makadirio. Fauzia aliitazama alama ile, akauliza taratibu kama haiwezekani kuongeza kidogo tu, kiasi cha kisigino cha kiatu.

"Suruali imeshashonwa, mwanangu," Bi Naima alisema. "Ikiburuzika chini, huko hakuna wa kukupandishia pindo."

Fauzia alizituma namba kama zilivyo. Walikaa wakiitazama simu, Bi Naima akijifanya anatafuta sindano. Jibu lilikuja kabla ya adhana ya adhuhuri. Lightness alisema sasa huyu ndiye yule wa kwenye picha, na urefu unatosha. Jumatatu aje waonane.

Fauzia alimkumbatia shangazi yake, akavaa gauni lake upesi, akatoka mbio kumwambia mama yake. Nje alisimama Genoveva, mteja, na kitambaa chake kwapani. Aliuliza fundi gani anafunga mlango mchana kweupe.

Bi Naima alimjibu kwamba mtoto wa kaka yake ameitwa Dar, na wamempenda alivyo, bila kumwongeza wala kumpunguza. Kisha akapokea kitambaa.