Karatasi Thelathini na Tisa

Asubuhi ya Ijumaa moja, Novemba 1953, Mwalimu Josepha alikuwa akifuta ubao katika shule ya misheni ya Isenga, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Tabora, babu yake aliposimama mlangoni na mzigo begani.

Mzee Kashindye alikuwa mpagazi. Alikufa njiani akirudi kutoka pwani na msafara, miaka mingi kabla Josepha hajazaliwa. Tangu lori la misheni livunjike ekseli, yeye na wenzake wa njia ya zamani ndio waliobeba mizigo ya shule. Njia waliijua, posho hawakudai, na mvua haikuwachelewesha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mzigo haukupokelewa."

Mzigo wenyewe ulikuwa karatasi za mtihani wa Darasa la Nne, alizozipeleka mjini, ofisi ya elimu, ili zisahihishwe. Mzee alieleza kwamba aliambiwa autue chini, akautua, kisha karani akausukuma kwa mguu chini ya kabati lililokuwa likiyumba. Siku kumi na moja alikaa barazani akingoja ufunguliwe. Mpagazi haachi mzigo ambao mpokeaji hajaufungua, basi akauchomoa na kurudi nao. Josepha akampa maji, akanywa, akaenda zake.

Josepha akaugeuza mzigo. Lakiri aliyoibandika kwa mkono wake ilikuwa nzima, haina hata ufa.

Akakaa kwenye dawati la mbele. Maana matokeo yalikwisha kuja kwa posta tangu Jumatano. Yalikuwa yamebandikwa mlangoni, hatua tatu kutoka pale alipokaa: wanafunzi wanane wamefaulu na wamechaguliwa kwenda shule ya kati. Wazazi walikwisha kuyasoma. Wengine walikwisha kuwapa watoto wao majembe.

Alichukua daftari la mahudhurio akalilinganisha na ile orodha. Wanane waliochaguliwa walikuwa wanane wa mwanzo daftarini, kwa mpangilio uleule wa alfabeti. Wa tisa alikuwa Flavia, binti wa Tobias. Wa kwanza alikuwa Agripina, aliyekufa kwa homa mwezi wa Agosti na kuzikwa nyuma ya kanisa. Jumatano, Josepha alipoliona jina lile, alidhani mpiga chapa amekosea.

Siku ya Jumamosi alisahihisha karatasi zote thelathini na tisa peke yake. Wanafunzi thelathini na mmoja walikuwa wamefaulu. Katika wale wanane, waliofaulu walikuwa wawili tu. Flavia alipata tisini na saba kwa mia. Mwalimu Mkuu, Damas, alizitazama alama, akashauri kwa sauti ya chini kwamba karatasi ziwekwe stoo. Josepha akamwomba baiskeli.

Jumatatu alifika mjini, vumbi limemjaa hadi kope. Karani Eustace alimkaribisha kiti. Aliposikia kwamba mpagazi marehemu ameurudisha mzigo, alisikitika tu kuwa hakutia sahihi ya kuutoa.

"Hamkuzifungua," Josepha alisema.

"Nafasi ni nane, Mwalimu. Tungezisahihisha zote, zingebaki nane."

"Na huyu wa kwanza amefariki tangu Agosti."

Eustace alivuta orodha, akalisoma jina, akauliza kama familia imeshaarifiwa kuwa shule inafunguliwa tarehe kumi na moja Januari. Kisha akatafuta fomu ya kujiunga, akaipitia mstari kwa mstari. Fomu iliuliza habari za upele na za chanjo ya ndui. Kuhusu kufa haikuuliza lolote.

Josepha aliomba jina la Flavia liingizwe mahali pa Agripina. Alitoa karatasi ya mtoto yule, akaiweka mezani, akasema ni tisini na saba. Eustace aliitazama kwa heshima, akasifu mwandiko.

"Orodha imekwisha kupigwa mhuri," alisema.

Josepha aliikunja karatasi ya Flavia, akachukua na ile fomu ya Agripina. Akapanda baiskeli, akarudi Isenga.

Imakulata, mama yake Agripina, alipopewa fomu alilia kidogo, halafu akaanza kushona sare kwa kipimo cha Agosti, kwa kuwa mtoto hakuwa ameongezeka. Agripina alirudi nyumbani wiki iliyofuata. Mchana alimsaidia mama yake kupepeta mtama. Jioni alikwenda kwa kina Flavia na daftari, kwa sababu hesabu za sehemu zilifundishwa Septemba, naye hakuwapo.

Josepha aliwakuta siku moja wamekaa mkekani, Flavia akikata muhogo vipande vinne, vinane, kumi na sita.

"Ukigawa, kipande kinapungua," Flavia alikuwa akimwambia, "lakini namba ya chini inakua. Usidanganywe na namba kubwa."

Mwalimu alisimama kando, hakuweza kuketi nao.

Januari Agripina aliondoka na sanduku lake. Mwezi wa Aprili ikaja barua ya mkuu wa shule ile. Ilisema mtoto ni mtulivu, chakula hagusi, na kwa hesabu za sehemu anaongoza darasa zima; apewe shukrani mwalimu aliyemfundisha.

Josepha aliikunja barua akaipeleka shambani kwa Tobias. Flavia alikuwa akipalilia karanga. Mwalimu alimsomea yote, polepole. Flavia alisikiliza huku ameegemea mpini wa jembe.

"Mwalimu," akauliza, "wameshafika kwenye desimali?"