Pumzi Ndani ya Darubini

Kitu cha kwanza alichogundua ni kwamba duara halikuwa linahema.

Alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya mbunifu, akifuta doa la chai sakafuni. Alipoinua kichwa, macho yakaangukia kioo cha kompyuta. Mchezo uliokuwa ukitengenezwa pale ofisini ulionekana kutoka juu, kama mtu aliyepanda tangi la maji akachungulia uani kwa watu: mapaa, vichaka, na vijitu vikihangaika kutafuta kuni na chakula ili visife. Kijitu kikishika bunduki yenye darubini, picha nzima huteleza kuelekea kinakolenga, pembeni huingia giza, na katikati hubaki duara. Duara hilo lilipaswa kuyumba kidogo, maana anayelenga ni mtu, na mtu anapumua. La mbunifu lilipanda na kushuka kama bembea tupu.

"Wanaojaribu mchezo wanasema nimeifunga bunduki saa ya ukutani," mbunifu alimwambia bosi.

"Wana haki. Mwezi ujao tunautoa, na wewe bado unabembeza."

Yeye aliyekuwa akifuta sakafu, pale ofisini walimwita Kimya. Alipika chai, alifagia, na alijua kikombe cha kila mtu. Shule aliiacha darasa la tano, Bibi yake alipougua kifua, na tangu hapo hakuona sababu ya kusema sana. Ila pumzi ya Bibi aliijua kuliko kitu chochote. Walilala kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo. Pumzi ile ilipanda kwa hatua mbili, ikasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu mlangoni, kisha ikashuka moja kwa moja.

"Unaonaje, dada?" mbunifu aliuliza, kwa mzaha tu.

Masikio yakamwaka. "Haiko hivyo," alisema.

"Basi njoo utuonyeshe."

Hakuwahi kukalia kiti chenye magurudumu. Mbunifu akamwekea kipanya cha kompyuta chini ya kiganja, akasema mkono utarekodiwa, aheme tu. Kuhema mbele ya watu kulimshinda. Akafumba macho, akauacha mkono uende na pumzi ya Bibi: hatua mbili, mlangoni, chini.

Alipofumbua, duara lilikuwa hai.

Watu waliacha kazi zao wakaja kutazama. Bosi akapiga makofi, na wengine wakafuata. "Miaka mitatu unatupikia chai, kumbe mtaalamu tunaye jikoni!" Kimya alicheka huku amejiziba mdomo. Siku ile njia ya kurudi nyumbani ilikuwa fupi.

Kesho yake mbunifu aliongeza kitufe. Mchezaji akikibonyeza, mlengaji hubana pumzi na duara hutulia tuli. Alikipa sekunde tatu.

Siku ya mapumziko ya Kimya, wenzake wakiwa kazini, saa nne asubuhi Bibi alikuwa akishona kifungo cha blauzi pumzi yake iliposimama pale juu, kwenye hatua ya pili. Ikakaa sekunde tatu, ikashuka. Ikasimama tena. Hadi saa sita ilishasimama mara arobaini.

"Kuna mtu anaiazima," alisema Bibi, akikata uzi kwa meno. "Ila anarudisha. Ni mtu mwenye adabu zake."

Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua, akatazama saa. "Hii si pumu, mama. Inaanza saa za kazi na wakati wa chakula inaacha. Hii ni ofisi." Akaandika kwenye kadi: *Anabanwa pumzi na watu wengine.* "Dawa yake hatuna. Anayebana ndiye aambiwe apunguze."

Kimya alikwenda kusema. Alisimama na sinia mlangoni, na ndani bosi alikuwa akisoma maoni ya wanaojaribu.

"Sekunde tatu hazitoshi, wanasema. Weka nane."

"Nane? Hakuna atakayekosa shabaha."

"Ndicho wanachotaka, ndugu yangu. Wasikose."

Kimya aliingia na sinia. "Chai imepoa," alisema. "Nibadilishe?"

"Badilisha, mwalimu wa pumzi!"

Ilimchukua siku nne. Alimngoja mbunifu abaki peke yake, akasema akitazama kamba za viatu vyake: "Kaka, hiyo pumzi ni ya bibi yangu. Mkiibana huku, nyumbani inabanwa."

Mbunifu aliondoa mkono kwenye kipanya. "Nilijua si yako," alisema. "Ya kijana haisimami pale juu."

Alikuwa mtu mwema, akajaribu. Alirekodi pumzi yake mwenyewe, akaiweka. Jioni yake maoni yakarudi: saa ya ukutani imerudi. Bosi, aliyekwisha kuelezwa yote na mbunifu, aliagiza ile ya zamani irudishwe. "Mpe Bibi pole zetu," alimwambia Kimya, na alimaanisha. "Jina lake tutaliandika mwishoni mwa mchezo, pamoja na majina yetu."

Wakaliandika, bila kukosea herufi.

Mchezo ulipotoka, watu wa nchi nyingi waliupenda, hasa bunduki. Kwa kuwa daima kuna mahali ambako ni saa ya kucheza, kubanwa saa za kazi tu kulikwisha. Bibi akawa na sekunde nane, pumzi moja, sekunde nane nyingine. Midomo yake ikaingia rangi ya wino. Majirani walizoea; waliokuja kumjulia hali walikatiza mazungumzo na kungoja, kama watu wangojavyo lori lipite. Muuguzi alisema nane kifua kitazivumilia kwa muda, kumi hapana. Toleo jipya, mbunifu alimwambia Kimya bila kumtazama, litakuwa na kumi.

Alasiri moja Bibi aliketi mkekani, mgongo ukutani, na Kimya akimpaka mafuta miguu.

"Hivi hao watu," Bibi alianza, akangoja zake nane, "waliipata wapi pumzi yangu?"

Alishauliza mara nyingi. Siku zote Kimya alijibu hajui.

Bibi alivuta hatua ya kwanza, akavuta ya pili, na mahali fulani mtu akabonyeza kitufe. Kifua kikasimama. Macho yake yalibaki wazi, yakimtazama mjukuu wake. Sekunde nane zile Bibi asingeweza kumjibu lolote.

"Ni mimi niliyewapa, Bibi," alisema Kimya. "Sikulazimishwa. Walinipigia makofi."