Mitungi Isiyo na Vitako

Siku wapimaji wa maji walipokuja, mfinyanzi alikuwa na udongo mpaka viwikoni, na wala hakutaka kuitwa. Lakini wakamwita, maana kijiji kizima kilijua hakuna anayeijua ardhi ile kama yeye. Miaka thelathini na ushee alikuwa akiichimba, akiinusa, akiionja kwa ncha ya ulimi, kisha akiigeuza kuwa mitungi.

Mpimaji mwenyewe alikuwa kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna watu wema huko mbali wamechanga, wanatupatia kisima cha pampu. Kimoja tu, bibi, na mtambo wa kuchimba utapita mara moja. Sasa mashine yangu inaona maji sehemu mbili, ila haijui yapi yatakauka kiangazi. Nyinyi wenyeji ndio mnajua. Wapi hapa udongo haukauki, hata jua liwake namna gani?"

Watu wote wakamgeukia mfinyanzi.

Alipajua. Palikuwa nyuma ya jiko la wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake, kwenye shimo alilochimba udongo tangu ujana. Hata mwaka ule mbuzi walipokufa kwa kiu, udongo wa pale ulitoka baridi, unachuruzika. Kaka mtu alimpa ruhusa ya kuchimba kabla hajafa, kwa hiyo alipita pale na jembe lake bila hodi wala salamu. Maana yeye na wifi yake walikuwa hawasemeshani mwaka wa saba.

Chanzo kilikuwa mtungi aliomfinyangia. Wifi aliurudisha mbele za watu, kwenye harusi moja pale kijijini, akasema, "Mtungi wa wifi yangu una kiu. Unakunywa maji kabla ya mwenye nyumba." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mfinyanzi hakucheka, na hakusahau.

Basi pale mbele ya mpimaji mawazo yakampitia mbio mbio. Wakichimba kule, shimo lake la udongo litafunikwa saruji. Na kila asubuhi wanawake watasema, twendeni kisimani kwa nani? Kwa wifi! Akainua kidole kilichojaa udongo, akaonyesha upande mwingine kabisa.

"Pale, kando ya barabara, karibu na ghala kuukuu."

Wifi alikuwa amesimama nyuma ya watu, mikono kifuani. Akamtazama mfinyanzi. 

Mtambo ukaja, ukanguruma siku mbili, maji yakaruka juu. Vigelegele! Wafadhili wakabandika kibao chao, picha zikapigwa, na mfinyanzi akasukumwa mbele awe wa kwanza kushika mpini. Alipampu huku anatabasamu, na moyoni akajiambia, si unaona, hata pale pana maji.

Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa shwari. Wa pili pia, kwa sababu mvua hazikukatika. Kiangazi cha mwaka wa tatu pampu ikaanza kukohoa. Unapampu mara arobaini, unapata kikombe na upepo. Fundi wa pampu akaja, akaifungua, akabadilisha mipira yake, akaifunga tena, akafuta mikono kwenye suruali.

"Pampu nzima, bibi zangu. Maji ndiyo yameshuka."

"Si waje wachimbe kwingine?" mkunga wa kijiji akauliza.

"Orodha imefungwa, mama. Mtambo sasa uko mbali, na vijiji visivyo na hata kimoja ni vingi."

Kwa hiyo wanawake wakarudi korongoni, kule kwenye maji ya kahawia wanayogombania na ng'ombe. Njia yake ni mteremko wa kokoto. Juma la pili tu wifi akateleza akiwa na ndoo kichwani. Mfinyanzi alikuwa hatua chache nyuma. Aliisikia ndoo ikibiringika mpaka chini, halafu akasikia ukelele. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Tangu siku hiyo akawa anampelekea maji. Hakuna aliyemtuma.

"Nani huyo?"

"Mimi. Maji."

"Weka mlangoni."

Siku ya nne wifi akasema, "Ingia basi. Au unaogopa nitayanywa kabla ya mtungi wako?"

Akaingia. Akayamimina kwenye sufuria, akawasha moto yachemke, akakaa kwenye kigoda. Kila alipoondoka, wifi alimwambia, "Mungu akubariki, wifi yangu," na neno hilo lilimwingia kama mwiba. Afadhali angetukanwa. Usingizi ukamruka, chakula kikamshinda. Akazunguka na lile jambo mwezi mzima, mpaka siku moja, huku akichochea kuni na uso kaugeuzia moto, akalitema.

"Wifi, maji yako nyuma ya jiko lako. Nilijua. Siku ile nilionyesha kwingine kwa makusudi. Mguu wako umevunjwa na kidole changu."

Sufuria ikaanza kutokota.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Wewe miaka yote unatoa udongo umelowa chini ya dirisha langu, unadhani mimi kipofu? Nilikuwepo pale. Ningeweza kufungua mdomo." Akaupapasa mguu. "Nikawaza, kijiji kizima kijazane nyuma ya jiko langu tangu alfajiri, kila mtu anachungulia nimepika nini? Kidole chako kilipoelekea barabarani, mwenzio nikashusha pumzi."

Mfinyanzi akaketi chini sakafuni.

"Na mtambo umeshakwenda."

"Umekwenda, wifi. Majembe yapo."

Kesho yake asubuhi mfinyanzi akaenda kwenye pampu, wanawake walipokuwa wanakamua vikombe vyao vichache, akasema yote. La wifi hakulitaja, alisema lake.  Mkunga ndiye aliyemsogelea.

"Nimezalisha wanawake kwa maji ya korongoni kiangazi chote hiki. Nawe ulijua?"

"Nilijua."

Mkunga akageuka akaenda zake. Aliporudi alikuwa na jembe begani, akampita bila kumtazama, akashika njia ya kwa wifi. Wengine wakamfuata.

Wakachimba. Shimo lilipofika kina cha kifua maji yakaja, lakini kila walipochota, kuta zikaporomoka. Wafadhili wangekuja na mabomba. Wao hawakuwa na kitu. Mfinyanzi akaenda nyumbani, akarudi na mitungi yake mikubwa kupita yote, ile ya kupeleka sokoni. Akaipindua mmoja mmoja, akagonga jiwe, kitako kikatoka. Kisha ikashushwa shimoni, mmoja juu ya mwingine, ikawa kama koo refu, na ukingoni wakashindilia udongo.

Wifi alikuwa ameketi mlangoni, mguu juu ya benchi. "Leo wifi yangu kafinyanga ya kuvuja kwa makusudi," akasema. Mwanamke mmoja akacheka. Mfinyanzi akainama, akaendelea kushindilia.

Maji yapo mpaka leo. Lakini ni ya kisima kifupi: lazima yachemshwe, na ukichota ndoo mbili unasubiri yajae. Siyo yale ambayo watu wema wasiokijua kijiji hiki walichangia, ili yafike midomoni yakiwa safi. Kule barabarani pampu bado imesimama na kibao chake, na watoto wanaufanya mpini wake bembea.

Mfinyanzi hupanga foleni awe wa mwisho. Hakuna aliyemwambia akae hapo. Udongo wake umebaki chini ya kisima, wala hafinyangi tena. Akingoja zamu huitazama mikono yake ilivyo mikavu na safi, kama ya mtu mwingine.