Umbali wa Sikio

"Unaona nini?" Claver alinong'ona.

Casimir alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe la wawindaji, bunduki ya baruti begani. Chini ya mteremko, katika shamba la Claver, kitu cha kahawia kilikuwa kinafukua. Nguruwe-pori alishakula nusu ya mihogo, na mihogo ndiyo chakula chote ambacho Claver na mkewe Dévote walikuwa nacho tangu walipotoka Burundi.

"Rangi," Casimir alijibu.

"Rangi tu? Mi naona mpaka mukia inacheza. Piga basi, mukubwa."

Wawindaji wa vilima vya Fizi hawakupima kwa mita. Ukiona sikio la mnyama likitikisika, ni karibu: piga. Ukiona rangi tu, ni mbali: sogea, au acha. Na siku usipoona sikio kutoka kwenye jiwe hili, unamkabidhi mwenzako bunduki.

Hivyo ndivyo Henri, kaka yake Casimir, alivyofanya zamani. Alifuta kitako cha bunduki kwa shati lake, akampa Casimir, kisha akakaa akitazama ziwa kule Baraka kana kwamba ndilo alilokuja kuwinda. Casimir, kijana wakati ule, alimcheka. Aliona kila unyoya wa mnyama. Alidhani sikio halitaondoka kamwe.

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Angeweza kubahatisha, nani angejua? Lakini nguruwe aliyejeruhiwa hujificha mlemle kwenye mihogo, na kesho asubuhi Dévote angeinama humo na jembe lake.

Aliondoa kidole. Akafuta kitako kwa shati.

"Kamata. Mi sioni sikio."

Claver alicheka. "Ndiyo maana unakaa benchi ya mbele kanisani. Na sisi tulisema Casimir ameokoka."

"Kamata, we muntu. Nguruwe haingoje."

Mlio ulizunguka vilimani na kurudi. Moshi ulinuka kama ujana wa Casimir.

"Imelala?"

"Imelala, mukubwa. Haikuamuka hata kidogo."

Claver alishuka mbio na bunduki. Casimir alibaki peke yake. Alitazama ziwa, lilikuwa weupe tu, na rasi ya Ubwari haikuwepo tena, ingawa alijua hasa mahali ilipokaa.

Kisha, kwenye njia ya kutoka kijijini, kikatokea kitu chekundu. Rangi. Kikapanda polepole, kikawa kitenge. Kitenge kikawa na mwendo, ule wa kuegemea kushoto aliouona mara ya kwanza kwenye soko la Baraka, akauliza yule ni binti wa nani, wakamwambia anaitwa Georgette.

Bila shaka alikuwa amesikia mlio, na sasa alikuwa anamletea mumewe chakula kama alivyofanya siku zote.

Casimir hakuita. Aliweka viganja vyake vitupu juu ya jiwe lenye joto, akasubiri hereni ing'ae sikioni.