Kisu cha Pili cha Hoyt

Asubuhi ya mashindano Hoyt alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yake, aproni ya ngozi kifuani, anatikisa kichwa polepole. Nilimpita bila salamu. Mwanamume yuko kaburini tangu majira ya baridi ya mwaka juzi, na bado anataka kunipangia maisha.

"Usinianze," nilimwambia. "Kahawa iko mezani. Ukiweza kuinywa, kunywa."

Nikaweka kisu kwenye kiti cha abiria cha pikapu, nikakifunga mkanda, nikaondoka kuelekea Texarkana. Kwenye kioo nilimwona bado yuko pale, kichwa kinakwenda kulia, kinakwenda kushoto. Niliogopa, siwezi kusema sikuogopa. Lakini mimi hasira yangu huwa inauzidi woga wangu, tangu nizaliwe ndivyo nilivyo, na marehemu mama alishachoka kuisema.

Hoyt Ledbetter alikuwa mume wangu, na alikuwa mhunzi. Kaunti yetu hapa Arkansas ina wahunzi wengi kuliko madaktari, na watoto hujifunza kunoa kabla hawajajifunza kuendesha gari. Mashindano ya kukata tunayo kila mwaka. Mtu anapewa njia yenye vituo, kamba hapa, mbao pale, chupa za maji kule, anapita akikata kimoja baada ya kingine huku saa inakimbia. Hoyt alikuwa anafua visu na kuingia navyo uwanjani. Rafiki yake, Garland Pruitt, alikuwa anavinoa na kuvibeba. Walianza hivyo wakiwa vijana, hata mimi sijaolewa.

Mara ya mwisho Hoyt alifua visu viwili vikubwa kutoka kipande kimoja cha chuma. Vilipikwa moto mmoja, vikazamishwa kwenye mafuta yale yale, mchana ule ule. Akaingia uwanjani na cha kwanza. Kituo cha mwisho kilikuwa nguzo ya bodaki, ule mti wa njano ambao hata msumari unaukataa. Kisu kikavunjika katikati, kipande kikaruka, kikamwingia Garland jicho la kushoto. Alikuwa amesimama mbele ya nguzo na kibendera cha kumaliza.

Garland alipoteza jicho. Hoyt alipoteza kila kitu kingine. Alisimama mbele ya chama cha wahunzi akasema kwa kinywa chake, "Nilikipika vibaya." Basi. Wakamnyima ruhusa ya kupiga muhuri wake kwenye chuma. Kanisani watu wakawa wanatuachia benchi zima, mimi na yeye na kitabu cha nyimbo. Wanawake niliowapikia mchuzi walipofiwa wakawa wananisalimia kwa kidevu.

Na mimi nilijua ule ni uongo mtupu. Nimeishi na huyo mtu! Aliweza kusahau siku yangu ya kuzaliwa, aliweza kuingia jikoni na matope mpaka magotini, lakini kusahau chuma motoni? Hoyt? Labda afe kwanza.

Akafa kweli, moyo ukamsimama. Wiki moja kabla, aliniambia kile kisu cha pili nikiyeyushe. Nikamwambia sawa. Nikakifunga kwenye shuka, nikakiweka chini ya kitanda. Toka hapo ndipo alipoanza kusimama mlangoni.

Nikamwelewa hivi: maskini, hata yeye ameanza kuuamini ule uongo wake. Basi nitamwonyesha, yeye na kaunti nzima na kila mwenye televisheni. Kisu cha pili kikihimili njia ya mashindano, watu watajua mikono ya Hoyt haikukosea kitu. Ndiyo maana nilijiandikisha kwenye kipindi kimoja cha televisheni cha mashindano ya kukata. Kukata najua, alinifundisha mwenyewe, na kuni zangu napasua mwenyewe hadi leo.

Walikuwa wamegeuza ghala kuwa uwanja, taa zinawaka mpaka unahisi uko ndani ya oveni. Kijana mmoja wa ndevu, Colby Ruark kutoka Oklahoma, akaniangalia juu mpaka chini.

"Bibi, mashindano ya keki yako jengo la pili."

"Najua, natafuta yai la kupasua," nikamjibu. "Naona nimelipata, limeota ndevu."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akanishikia mlango. Hakuwa mtoto mbaya.

Msimamizi wa kipindi alikuwa binti wa Los Angeles, Kirsten Odom, mpole, mwembamba, hajala chakula cha maana tangu azaliwe. Akanibandika kipaza sauti kidogo kwenye kola. "Kila anayekanyaga uwanjani anavaa, Bi Verdell," alisema. "Hata aliyepanga njia."

"Na aliyepanga njia ni nani?"

"Bwana Pruitt. Garland Pruitt. Hakuna anayejua vituo kama yeye."

Nikageuka, na huyo hapo, kiraka cheusi jichoni, amenenepa, ameshika kofia mkononi.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji yako nani? Mazikoni hukuja."

"Nilikuja. Nilikaa ndani ya gari."

Kabla ya kukata, washindani hutembezwa njia wakiwa mikono mitupu, na yeye ndiye aliyetutembeza. Alikuwa anaeleza kwa sauti ile ile ya zamani, ya mtu anayeipenda kazi yake. Njia nzuri, alisema, inakuchosha bila wewe kujua. Inakupa kazi ya nguvu, ubao wa inchi mbili kwa nne, halafu hapo hapo inakupa mirija ya soda iliyosimamishwa wima, na mkono wako bado unatetemeka. Colby na wenzake walikuwa wanauliza maswali. Mimi nilikuwa nahesabu vituo.

Kamba inayoning'inia. Ubao. Mirija. Chupa za maji, na pembeni mwa chupa robota la majani makavu, pale pale alipojikwaa Hoyt siku ile kisu kilipovunjika. Mipira inayoteremka kwenye bomba. Hatua kati ya kituo na kituo zilikuwa zile zile. Na mwisho, nguzo ya bodaki, na mbele yake alama ya chaki mahali pa mtu wa kibendera.

Wengine walipotangulia nikamshika mkono.

"Garland. Hii ni siku ile."

"Ndiyo."

"Umeijenga upya. Mpaka majani!"

"Niliposikia umejiandikisha, na unakuja na kile cha pili, nikaijenga."

"Na hapo kwenye chaki atasimama nani?"

"Mimi."

"Una wazimu wewe. Watu wote wako nyuma ya kioo cha kinga, na wewe usimame hapo? Sogeza hiyo alama."

"Kila nikifumba jicho nimesimama hapo, Verdell." Hakupaza sauti. "Afadhali nisimame kweli, yaishe. Wewe piga tu."

Nikafikiri ni mzimu wa siku ile unamtesa kama unavyonitesa mimi. Nikamhurumia. Jamani, kweli nilimhurumia.

Colby alipita njia vizuri, akamaliza, kibendera kikapanda. Mwingine kisu kilimkwama kwenye ubao akatoka anatukana. Kisha jina langu. Waamuzi walikagua kisu, wakavuta ile kamba inayofungwa kiganjani kisije kikachomoka, wakarudi nyuma ya kioo. Mmoja wao, mzee niliyemfahamu kutoka chama cha wahunzi, hakunitazama usoni.

Kengele. Kamba ikakatika pigo moja. Ubao ukaruka vipande. Kile kisu kilikuwa chepesi mkononi, kinajua kinakokwenda, na nikaanza kucheka peke yangu katikati ya watu, kwa sababu nilimsikia Hoyt ndani yake, jinsi alivyokuwa anapanga uzito uende mbele. Mirija, safi. Chupa, safi, maji yakanilowesha viatu. Majani nikayaruka. Mipira minne nikaikata yote. Nikafika kwenye nguzo, nikainua mkono.

Hoyt alikuwa hapo.

Alisimama kati ya nguzo na Garland, aproni kifuani, mikono ameitanua, amemkinga. Alinitazama mimi na kutikisa kichwa. Tangu afe sikuwahi kumwona mbali na nyumbani, na sikuwahi kumwona na hofu usoni.

Mkono ukaniganda juu. Nyuma ya kioo watu wanapiga kelele, saa inakwenda. Iliniuma, iliniuma kuliko siku ya kumzika. Mume wangu anaogopa chuma chake mwenyewe! Anakuja kumkinga mtu na kazi ya mikono yake!

"Toka hapo, Garland," nilisema.

"Piga."

"Garland, nakuomba."

"Piga, Verdell!"

Basi nikapiga. Nilimpigia Hoyt, ili aone. Kisu kikazama kwenye ule mti wa njano, kikatoka, nikapiga tena, na tena, vibanzi vinaruka, mkono unawaka moto mpaka begani, na nguzo ikapasuka ikaanguka. Nikapitisha kidole kwenye makali. Hakuna pengo, hakuna ufa. Ningeweza kumnyolea Colby ndevu zake.

Ghala likalipuka kwa makofi. Yule mzee mwamuzi alikuwa amesimama, kofia kifuani. Nilikuwa nalia, kamasi zinanitoka, sijali.

Kibendera hakikupanda. Garland alikuwa amekaa chini sakafuni.

"Hata hongera huna?" nilimwambia.

"Nilitaka kivunjike," alisema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Kingevunjika, hata kama kingenipata, ningejua kosa ni la chuma. Ningejua kweli alikipika vibaya." Alivua kiraka akajifuta uso mzima. "Asubuhi ile kisu cha kwanza kilikuwa kimepinda, Verdell. Kidogo tu, sijui nilikibeba vipi. Majina yanaitwa, moto hakuna. Nikakibana kwenye meno ya jiliwa, nikakinyoosha baridi."

Kwetu hata mtoto wa shule anajua: chuma kilichokwisha kupikwa hakinyooshwi baridi. Unakipasha kwanza. Usipokipasha kinaweza kupasuka ndani, mahali ambapo jicho halioni, kikakusubiri.

"Kililia?" nilimwuliza.

"Kililia. Tik, mara moja. Nikajiambia ni jiliwa limelia."

"Na Hoyt hakujua."

"Alikuja hospitali na kile kipande mfukoni. Meno ya jiliwa yalikuwa yameacha alama, hakuhitaji kuuliza. Nikaanza kulia. Akaniambia, 'Jicho linatosha kwa mtu mmoja. Kosa hili nitalibeba mimi.' Akaniapisha nisiseme."

Nikainua macho. Hoyt alikuwa hajaondoka. Mikono ilikuwa bado imetanuliwa mbele ya Garland, na hapo nikaelewa kwamba hakuwa anaogopa kisu hata kidogo. Alichoogopa ni kisu kubaki kizima, maana kisu kizima kingemuumbua Garland. Huko mlangoni, asubuhi zote hizo, alikuwa ananiomba nimwachie rafiki yake.

Kirsten akaja anatembea kwa ncha za vidole, uso mweupe pe. "Bi Verdell, samahani. Vipaza sauti vilikuwa wazi. Tumesikia yote, na kamera zilikuwa zinachukua." Akamtazama Garland, akanitazama mimi. "Bwana Pruitt, tukiyaonyesha haya..."

"Mwulizeni yeye," Garland alisema, bila kuinuka.

"Tunaweza kuishia pale nguzo inapoanguka," Kirsten aliniambia. "Watu wataona kisu ni kizuri. Utakavyosema wewe."

Kisu ni kizuri. Na kesho yake kanisani wangesema, kile cha pili alibahatisha, cha kwanza si alikiri mwenyewe? Nilimwangalia Garland. Anawanolea wahunzi wa nusu ya jimbo, na wanawe wawili wanafanya kazi hiyo hiyo mezani kwake. Baada ya hili hakuna ambaye angempa hata kisu cha jikoni. Hakuniomba. Aliyekuwa ananiomba ni yule mwingine, kichwa kinakwenda kulia, kinakwenda kushoto.

"Na mimi je?" nilisema.

Kirsten na Garland wakadhani nasema nao.

"Mlikaa hospitali mkagawana, wewe jicho, wewe jina. Mimi mlinipa nini? Nilikuwa nakaa pembeni yako kwenye lile benchi, Hoyt! Nilikuwa nakutetea mpaka nikabaki bila rafiki hata mmoja, na wewe unanyamaza unakula maharage! Ungeniambia, labda ningelibeba na mimi. Labda. Hukuniuliza."

Alishusha mikono.

"Irusheni yote," nilimwambia Kirsten. "Msikate neno."

Nilitegemea Hoyt atanitazama, hata kwa hasira. Hakunitazama. Alipiga magoti nyuma ya Garland, akamkumbatia mabega, akainamisha kichwa juu ya kichwa chake. Nilisimama pale na kisu mkononi, nasubiri. Watu wa taa walipoanza kuzima nilitoka, na wawili hao walikuwa bado sakafuni, mmoja analia, mwingine amemfunika.