Harufu ya Wiki Ijayo

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, dereva wa Mkurugenzi wa Maji aliwasha gari, akawasha AC, na gari likanuka. Lilinuka kama soksi iliyolowekwa ikasahaulika. Dereva akainua kiatu cha kulia, akakagua soli, kisha cha kushoto. Kitu kikinuka kazini, mdogo ndiye huanza kujikagua.

Mkurugenzi akaingia kiti cha nyuma, akavuta pumzi, akaitoa upesi.

"Nini hiki?"

"AC, bosi."

"AC hainuki. Wanaonuka ni watu."

Dereva akaomba radhi kwa niaba ya watu.

Mkurugenzi alikuwa na sharti moja tu: hewa ya nje isiingie. Kwa hiyo kile kitufe chenye picha ya mshale uliojikunja, kinachozungusha hewa ya ndani kwa ndani, kilibandikwa tepu kikae kimebonyezwa. Hii ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo kila alichosema humo kilibaki humo, naye alisema mengi, maana simu zake zote alipigia humo, akiwa amekunja nne.

Dereva akajikohoza. "Bosi, ile ruhusa yangu ya Alhamisi. Mama anafunguliwa bandeji za macho. Miaka minne haoni. Anasema anataka aanze na sura yangu."

"Mama ni mama, bwana! Ondoa hii harufu kabla ya Alhamisi, uende. Nani atakuzuia?"

Hakuna aliyemzuia. Mchana huohuo akapeleka gari karakana.

Fundi wa AC alikuwa mwanamke wa makamo aliyechomeka bisibisi kwenye kilemba. Alifungua droo ya mbele ya abiria, akachomoa chujio la hewa, akaliangalia kama mtu anayesoma barua ya posa isiyo na maana. Lilikuwa jeusi tii.

"Hili ni la kutupa. Lakini mzigo uko chini zaidi."

Akaingiza koleo hadi kwenye kipoozeo, pale unyevunyevu unapokaa, akaanza kuvuta maneno. Yalitoka yameloana, yameshikana kama majani ya chai ya jana. Akayatandaza juu ya gazeti. *Maji yatatoka Jumatatu* yalikuwa thelathini na nane. *Nimeshafika, niko getini* yalikuwa mengi, yenye ukungu wa kijani pembeni. *Mke wangu, kikao kimerefuka* lilikuwa moja tu, refu, na lilitoka kwa mafungu.

"Gari za wakubwa zote ndivyo zilivyo," fundi alisema. "Wiki iliyopita nimetoa ndoo mbili kwenye kigari cha bwana mmoja mwenye wachumba watatu. Uongo wa simu si mzito, kaka. Ila ukikosa hewa, unaoza."

Bomba la kutolea maji nalo lilikuwa limeziba. Akalichokoa kwa waya, likatoka *Nitalishughulikia*, limevimba kama mkate ulioangukia kwenye maji. Nyuma yake, laini kabisa, zikafuata *Wiki ijayo* kumi na moja.

"Hizi za nani?"

"Zangu," alisema dereva. "Nilikuwa naomba ruhusa ya kumpeleka mama hospitali, bosi ananijibu hizo. Mwishowe jirani akampeleka."

"Unazichukua?"

"Nikazifanyie nini?"

Fundi akazisukumia ndooni pamoja na zingine. Akapuliza povu la dawa, akafunga chujio jipya, akabandua tepu. "Dakika tano kabla ya kufika, zima AC, acha feni ikaushe. Na mwenye gari akitaka kuahidi kitu, ashushe kioo."

"Hatashusha."

"Basi tutaonana."

Jumatano asubuhi gari halikunuka chochote. Mkurugenzi alivuta pumzi mara tatu, kwa kulishuku.

"Fundi alisemaje?"

"Alisema ukitaka kuahidi kitu, bosi, ushushe kioo."

Mkurugenzi aliangalia nje. Foleni ya ndoo ilianzia kwenye bomba kavu, ikakata kona, na mbele kabisa mama mmoja alikuwa ameketi juu ya ndoo yake akisuka nywele za mwenzake. Walikuwa na muda.

"Kuna vumbi," akasema. Akanyoosha mkono katikati ya viti, akabonyeza kitufe, akadai tepu.

Dereva akampa tepu. "Harufu imetoka, bosi. Kwa hiyo kesho..."

"Imetoka kweli! Kazi safi. Mimi mtu akifanya kazi namwona. Wiki ijayo uende, ukae hata siku kumi."

"Bandeji zinafunguliwa kesho, bosi."

"Ndiyo nakwambia. Wiki ijayo atakuwa anaona vizuri zaidi."

Neno likaelea juu ya viti, likapinda, likazama kwenye tundu la hewa. Kabla hawajafika kwenye mzunguko wa barabara, soksi ilikuwa imerudi.

Mkurugenzi akaziba pua. "Unaona? Haijatoka. Na ulitaka kwenda."

Alhamisi saa nne, Mkurugenzi alikuwa kwenye kikao cha ustawi wa wafanyakazi. Dereva alimngoja garini, vioo juu, AC ikiunguruma, kama alivyoagizwa. Simu ikalia.

"Mwanangu, wamefungua."

"Unaona, mama?"

"Naona! Wa kwanza alikuwa muuguzi. Nilijua ni wewe, nikamkumbatia, nikamwambia umekonda. Kijana mstaarabu, hakunikatiza." Mama akacheka kidogo. "Sasa wewe unakuja lini?"

Dereva aliangalia mlango wa ukumbi. Ulikuwa umefungwa.

"Wiki ijayo, mama."

Lilipanda taratibu mbele ya uso wake, likapinda, likaingia kwenye tundu lililo juu ya usukani. Akalisindikiza kwa macho. Akazima AC, akaacha feni izunguke dakika tano, kama fundi alivyosema. Haikusaidia.

Mkurugenzi akatoka kikaoni, akaingia, akafunga mlango, akanusa. Akanusa tena, kwa makini, kama mtu anayetafuta koti lake kati ya makoti mengi.

"Hii si yangu," akasema.

Kauli hiyo ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli haikwenda popote, wala haikunuka.

"Ni yangu, bosi," dereva alisema. Hakukagua viatu. Akawasha AC, akampeleka kikao kinachofuata.